Barafu Iko Wapi, na Kiota Kiko Wapi?

Kiangazi cha Antaktika cha 2016/17 kilileta habari mbili ambazo ukizisoma pamoja utadhani mmoja wa waandishi amekosea bara.

Ya kwanza ilitoka Adélie Land, upande wa bara hilo unaotazama Australia, karibu na kituo cha utafiti cha Ufaransa cha Dumont d'Urville. Pale huzaliana pengwini aina ya Adélie, na msimu ule walihesabiwa jozi zaidi ya 18,000. Msimu ulipokwisha, makinda waliobaki hai walikuwa wawili. Si asilimia mbili. Makinda wawili. Barafu ya bahari ilikuwa imeganda mbele ya koloni, yaani mahali ndege hao wanapokusanyika kuzaliana, na kukataa kuondoka, wazazi wakawa wanakwenda mbali mno kutafuta chakula, na makinda wakafa njaa wakiwasubiri.

Ya pili ilitoka Ghuba ya Lützow-Holm, karibu na kituo cha Japani cha Syowa. Ni pengwini walewale aina ya Adélie, na kiangazi kilekile. Huko barafu ilikuwa imevunjika na kutawanyika kuliko kawaida. Watafiti wa Kijapani wakiongozwa na Yuuki Watanabe walikuwa wamewafunga ndege vifaa vya GPS, vipima-mwendo na kamera ndogo, jumla pengwini 175 kwa misimu minne, na walipochapisha matokeo yao mwaka 2020 walionyesha kwamba msimu wa barafu haba ndio uliokuwa wa neema: safari za chakula zilikuwa fupi, wazazi walinenepa, makinda walikua haraka na wengi wao wakapona. (Kwa msomaji wa pwani: Syowa iko kwenye longitudo ya 39 na nusu Mashariki, karibu sawasawa na Mombasa. Ukichora mstari kutoka Mombasa kwenda kusini bila kupinda, unaishia mlangoni kwao.)

Huku wamekufa kwa sababu barafu imezidi, kule wameshiba kwa sababu imepungua. Sasa ongeza rekodi ya setilaiti, maana ndiyo inayonoga zaidi. Kiangazi hichohicho, barafu ya bahari kuzunguka Antaktika nzima ilishuka ghafla hadi kiwango ambacho hakikuwa kimewahi kuonekana tangu upimaji wa setilaiti uanze mwishoni mwa miaka ya 1970. Yaani bara zima lilikuwa na barafu kidogo kuliko mwaka wowote uliopimwa hadi wakati huo, na bado makinda wa Adélie Land walikufa kwa barafu nyingi.

Ndiyo maana sina imani na makala zinazoanza na takwimu ya barafu ya bara zima kisha zikarukia moja kwa moja kwenye hali ya ndege. Ndege hawezi kula wastani. Ndege anayelea kinda amefungwa kwenye kiota, na dunia yake yote ni mduara ambao anaweza kwenda na kurudi kabla kinda hajafa. Kilichomo ndani ya mduara huo, wiki hiyo, ndicho kinachoamua. Barafu ikiongezeka au ikipungua nje ya mduara, kwa wakati huo si habari yake.

Vyombo vya habari havipendi maelezo ya namna hii kwa sababu hayana kichwa cha habari. Mwaka 2016 magazeti mengi ya dunia yaliandika kwamba pengwini 150,000 wamekufa Cape Denison, Antaktika Mashariki, baada ya jiwe kubwa la barafu liitwalo B09B kukwama mbele ya ghuba yao na kuwalazimisha kutembea takriban kilomita 60 kufika baharini. Utafiti wenyewe ulisema idadi ya ndege waliokuwepo pale imeporomoka. Haukuonyesha mizoga 150,000. Wataalamu wengine wa pengwini walitoka mbele wakaeleza kwamba ndege wa aina hii, mwaka ukiwa mbaya, huweza kuahirisha kuzaa au kuhamia kwa majirani. Masahihisho hayo, kama kawaida, yalisomwa na watu wachache. Halafu mwaka 2020 habari ya Lützow-Holm ilipotoka, kuna walioidaka kama ushahidi kwamba joto la dunia halina neno, pengwini wanalifurahia. Makosa hayo mawili yana mzizi mmoja, wa kudhani kwamba barafu ina maana moja tu kwa ndege.

Haina. Tuanze na jinsi inavyolisha. Chini ya barafu ya bahari, upande wa tumbo, huota mwani mdogo sana wa rangi ya kahawia ambao hutumia mwanga hafifu unaopenya. Majira ya baridi, bahari ikiwa haina kitu, watoto wa krili hujishikiza hapo wakikwangua mwani huo. Ndicho chakula kinachowavusha hadi msimu mwingine. Krili, kwa asiyemjua, ni kiumbe jamii ya kamba, urefu wa kidole cha mwisho, na kusini mwa dunia karibu kila kitu kinamla: nyangumi, sili, samaki, ndege. Majira yanapobadilika barafu huyeyuka na kuacha tabaka la maji mepesi juu ya bahari. Mwani hubaki juu kwenye mwanga badala ya kuzama gizani, na huzaliana kwa kasi. Krili huufuata mwani, na ndege huwafuata krili. Ukingo wa barafu, pale inapokutana na maji wazi, ndiyo sehemu yenye shughuli nyingi kuliko zote.

Lakini barafu hiyohiyo ni kifuniko. Pengwini hawezi kuitoboa. Barafu ikiwa imeshikana, anahitaji ufa, na kila pengwini mwingine wa koloni lake anautafuta ufa huohuo. Tena juu ya barafu pengwini hutembea, na kwa kutembea hana sifa yoyote. Akiogelea huenda mara nne ya kasi ya miguu yake. Hapo ndipo ilipo siri ya Lützow-Holm. Misimu ya barafu nzito, vifaa vilionyesha ndege wakitembea kwa muda mrefu, wakisimama kupumzika, wakitafuta ufa, wakizamia palepale ulipo ufa hata kama krili wa hapo wameshapungua. Msimu wa barafu iliyovunjika waliingia majini karibu na nyumbani, wakaogelea watakako, wakazamia watakapo. Muda uliookolewa njiani uligeuka kuwa chakula tumboni mwa kinda.

Kamera za mgongoni zimetuonyesha jinsi mlo wenyewe unavyokwenda. Pengwini huzama, na badala ya kuwinda akitazama chini, mara nyingi hupanda akitazama juu, ambako mwanga wa barafu humwonyesha kivuli cha windo. Akikuta kundi la krili, kichwa huanza kuchezacheza mbele na pembeni, na kila mtikisiko ni krili mmoja amemezwa. Kasi imefika hadi krili wawili kwa sekunde moja. Mara nyingine hupita chini kabisa ya barafu na kuokota samaki wadogo waliojificha kwenye vishimo vyake. Ukiitazama picha hiyo unaelewa kwamba kukamata si tatizo kwake. Tatizo ni kufika.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote, hata hivyo, hautoki kwa Adélie. Unatoka kwa yule pengwini mkubwa kuliko wote, aitwaye kaizari, na unatoka palepale karibu na Dumont d'Urville, kwenye koloni la Pointe Géologie ambalo Wafaransa wamelihesabu tangu miaka ya 1950. Kaizari huzaa majira ya baridi juu ya barafu. Dume huatamia yai juu ya miguu yake kwa takriban siku 65 bila kula, huku jike akiwa baharini, na jike akichelewa kurudi dume hufika mahali anapoliacha yai ili asife. Mwishoni mwa miaka ya 1970 koloni hilo lilipungua kwa nusu. Mwaka 2001 Christophe Barbraud na Henri Weimerskirch walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu hizo, na walichokikuta kinastahili kusomwa polepole: miaka ambayo barafu ilienea mbali, ndege waliokomaa walipona zaidi, na miaka hiyohiyo mayai machache ndiyo yaliyoanguliwa. Barafu pana ilikuwa na maana ya krili wengi kwa mzazi, na ilikuwa na maana ya safari ndefu kati ya mzazi na yai. Barafu ilipopungua, safari ilifupika, mayai yakaanguliwa, lakini wazazi wenyewe wakafa kwa wingi.

Kwa ndege anayeishi miaka mingi na kuzaa yai moja kwa mwaka, kupoteza mzazi ni hasara kubwa kuliko kupoteza yai. Kwa hiyo hesabu ya jumla iliangukia upande mbaya. Lakini mtu aliyehesabu makinda peke yake, kwa miaka miwili mitatu, angeweza kurudi kwao na ripoti kwamba kupungua kwa barafu kumeleta heri.

Hofu yangu kwa Lützow-Holm ni hiyo. Ule ulikuwa msimu mmoja mzuri mahali ambapo kwa kawaida barafu ni nyingi kupita kiasi. Ukishuka kutoka nyingi mno kwenda wastani, hali inakuwa nzuri. Ukiendelea kushuka, unafika walipofika ndege wa Rasi ya Antaktika, upande unaotazama Amerika ya Kusini. Huko, karibu na kituo cha Marekani cha Palmer, Adélie wamepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu katikati ya miaka ya 1970. Msimu wa barafu umefupika, samaki mdogo wa maji baridi aliyekuwa sehemu ya mlo wao ametoweka kwenye matapishi yanayochunguzwa, na theluji ya majira ya kuchipua imezidi kwa sababu hewa yenye joto hubeba unyevu. Mahali pao wameingia pengwini aina ya gentoo, wasiopenda barafu na wasio wachaguzi wa chakula. Na bado, ukizunguka ncha ya rasi hiyohiyo hadi upande wa Bahari ya Weddell, ambako barafu imeshikilia zaidi, kuna visiwa vya Danger: mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba wamehesabu huko jozi 751,527 za Adélie, nyingi wakizihesabu kwa picha za droni. Visiwa hivyo haviko mbali na Palmer kwa kipimo cha ramani ya dunia. Kwa ndege ni nchi mbili tofauti.

Wasio na miguu ya kuwachelewesha, wale wanaoruka angani, wana njia nyingine ya kutafuta. Petreli mweupe wa Antaktika, ndege wa baharini, hutaga kwenye mipasuko ya miamba, pengine mamia ya kilomita kutoka baharini, na hula katikati ya barafu iliyovunjika. Anajuaje pa kwenda? Macho humsaidia, na kuwaona wenzake wakitua humsaidia, lakini jamii hii ya ndege ina kitu ambacho kwa miaka mingi wanasayansi hawakukipa ndege: pua. Viumbe wadogo wanapokula mwani wa baharini, hutoka gesi iitwayo dimethili salfaidi. Mwaka 1995 Gabrielle Nevitt na wenzake walionyesha jambo hilo kwa kumwaga baharini madoa ya mafuta ya kupikia, mengine yametiwa harufu hiyo na mengine hayakutiwa. Baadhi ya petreli na jamaa zao walikuja kwenye yenye harufu. Kwa ndege kama huyo bahari si uwanda mtupu. Ina maeneo yenye harufu ya mlo na yasiyo nayo, na ukingo wa barafu ni mojawapo ya yale yanayonukia sana. Ukingo ukihama, harufu nayo huhama, na pua huweza kuifuata. Kiota hakihami.

Kaskazini mambo ni magumu zaidi, kwa sababu huko barafu haichezi juu na chini kama kusini. Mwelekeo wake ni kushuka tu. Septemba 2012 barafu ya Bahari ya Aktiki ilibaki kama kilomita za mraba milioni 3.4, wakati katika miaka ya 1980 mwezi huohuo ilikuwa kwenye milioni saba hivi. Nani analipa? Twende Cooper Island, kisiwa kidogo cha mchanga na changarawe karibu na Utqiaġvik, kaskazini kabisa ya Alaska. Mwaka 1972 George Divoky alipopita pale alikuta jozi kama 10 za gilemoti mweusi, ndege wa baharini mwenye miguu myekundu, wakiwa wametaga ndani ya masanduku ya mbao yaliyoachwa na jeshi la wanamaji la Marekani katika miaka ya 1950. Gilemoti hutaka tundu, na kisiwa tambarare hakina matundu. Divoky akapanga masanduku zaidi. Tangu 1975 amerudi kila kiangazi kuwahesabu na kuwapima, na kwa sababu ya ukaidi huo wake tuna kumbukumbu ambayo hakuna taasisi ingeigharamia kwa muda wote huo.

Kumbukumbu hiyo ina mgeuko katikati. Mwanzoni joto liliwafaa ndege. Gilemoti anahitaji siku 80 hivi bila theluji ili atage, aangue na kinda aondoke. Theluji ilivyozidi kuyeyuka mapema, Cooper Island ikageuka mahali pa kuzalia, na mwishoni mwa miaka ya 1980 jozi zilipita 200. Angetokea mtu mwaka 1988 akauliza joto linawafanyia nini ndege wa Aktiki, jibu la kweli la pale lingekuwa: linawajenga.

Kisha barafu ikaanza kwenda mbali. Chakula cha kinda wa gilemoti ni samaki mmoja mdogo mwenye mafuta mengi, Boreogadus saida kwa jina la kitaalamu, tumwite chewa wa Aktiki, ambaye hukaa chini ya barafu na kwenye maji yenye baridi kali. Mzazi hubeba samaki mmoja kwa safari moja, amembana kwa ubavu mdomoni, kichwa huku na mkia kule. Hebu fikiria mahesabu yake: makinda wawili, samaki mmoja kila safari, siku 35 hivi. Ni kama mvuvi wa ngalawa isiyo na injini ambaye kila samaki anayemkamata lazima ampeleke nyumbani kwanza kabla ya kumtupia ndoana wa pili. Mwamba wa samaki ukisogea mbele kidogo, anavumilia. Ukisogea kilomita mia, hana biashara tena. Ndicho kilichotokea: mwisho wa kiangazi siku hizi ukingo wa barafu katika Bahari ya Beaufort, kaskazini mwa Alaska, huwa umerudi nyuma mamia ya kilomita kutoka ufukweni.

Wazazi hawakukaa wakisubiri. Walibadilisha windo, wakaanza kuleta samaki wa chini ya bahari wa maji ya karibu, mwenye kichwa kikubwa cha mifupa na miiba. Kinda humpokea, hujaribu kumgeuza, hushindwa kummeza au humchukua muda mrefu, na akifanikiwa anapata mafuta machache kuliko ya chewa. Kinda mkubwa huponea hapo. Mdogo ndiye hufa. Juu ya hilo, barafu ilipokwenda mbali dubu weupe walibaki nchi kavu bila sili wa kuwinda, na kuanzia 2002 wakawa wageni wa kila mwaka kisiwani wakila makinda. Divoky alibadilisha masanduku ya mbao kwa ya plastiki ngumu yasiyofunguliwa na dubu, na dubu wakashindwa. Jozi zimeendelea kupungua, hadi leo zimebaki sehemu ndogo ya zile 200, kwa sababu sanduku linazuia dubu, halileti chewa.

Kuna wanaosema ndege watajizoesha. Ni kweli, wengine wanajizoesha, na mfano bora ni auki mdogo, ndege wa gramu 150 hivi anayezaliana kwa mamilioni Greenland na visiwa vya Aktiki. Mlo wake ni kopepodi, vijidudu vya baharini vya ukubwa wa punje ya mchele au chini ya hapo, na imekadiriwa kwamba auki mmoja anayelea kinda hukamata takriban 60,000 kwa siku. Kopepodi wa maji baridi ni wakubwa na wamejaa mafuta. Wa maji ya Atlantiki yanayopanda kaskazini ni wadogo na wakavu, kwa hiyo ndege akihamia kwa hao lazima akamate wengi zaidi kupata shibe ileile. Auki ana ujanja wake: hufanya safari fupi kadhaa kumjazia kinda kwa mfuko wa kooni, kisha safari moja ndefu kwa ajili ya tumbo lake mwenyewe. Na huko Franz Josef Land, visiwa vya Urusi, David Grémillet na wenzake walikuta mwaka 2013 kwamba barafu ilipotoweka auki hawakwenda kuifuata. Waliwinda karibu na nyumbani, mahali ambapo maji baridi yasiyo na chumvi yanayotoka kwenye miamba ya barafu ya nchi kavu hukutana na ya bahari, na kopepodi wakipita mpaka huo huduwaa kwa mshtuko wa mabadiliko ya chumvi, wakawa wa kuokota.

Makinda walikua kama zamani. Hapo ndipo habari nyingi zilipoishia, na hapo ndipo ingefaa zianze. Wazazi walikuwa wamepungua uzito kwa asilimia nne ukilinganisha na miaka ya mwanzo ya 1990. Gharama ya kuzoea haikutoweka. Ilihamishwa kutoka kwa kinda, anayepimwa na kila mtafiti, kwenda kwa mzazi, ambaye madhara yake huonekana baadaye, pengine majira ya baridi akiwa mbali na macho ya mtu. Tena mpaka ule wa maji unategemea miamba ya barafu iliyo ukingoni mwa bahari, nayo inarudi nyuma nchi kavu. Siku itakapoacha kugusa bahari, mlo ule utakwisha. Ninaposikia ndege fulani ni hodari wa kujizoesha, swali langu la kwanza siku hizi ni nani ndani ya familia hiyo anayelipa, na kwa muda gani ataweza.

Mpaka hapa mtu anaweza kuniambia: basi kila koloni lina hadithi yake, hakuna la kufanya ila kuhesabu. Sikubali. Ukishaelewa kwamba ndege mlezi hufa au hupona kwa kilichomo ndani ya mduara wake, unajua pia mahali mkono wa binadamu unapoweza kufika haraka. Kupunguza gesi joto ni kazi ya miongo, na lazima ifanyike. Lakini ndani ya mduara huo kuna mshindani ambaye hahitaji miongo kuondolewa: meli za krili.

Meli hizo hupeleka krili kwenye vidonge vya mafuta na chakula cha samaki wa kufugwa, na zinapenda Rasi ya Antaktika, palepale Adélie walipopungua. Barafu inapochelewa kuganda, zinapata miezi zaidi ya kuvua. Anayesimamia ni tume ya kimataifa ya CCAMLR yenye makao Hobart, Australia, iliyotokana na mkataba wa 1980. Ina wanachama 27, wakiwemo Afrika Kusini na Namibia, na huamua kwa maafikiano ya wote; mmoja akikataa, jambo limelala. Kikomo cha tani 620,000 kwa mwaka kwa eneo lote la kusini-magharibi mwa Atlantiki ni kidogo ukilinganisha na krili wote waliomo, na wenye meli hawachoki kulikumbusha hilo. Hesabu yao ni sahihi na haina msaada, kwa sababu ni wastani tena. Tani 620,000 zilizotawanywa bahari nzima si sawa na tani hizo zikikombwa mbele ya koloni wakati wa kulea.

Tume yenyewe iliwahi kulielewa hilo. Ilikuwa na kanuni iliyogawa kikomo hicho kwa maeneo, na eneo la Rasi lilikuwa haliruhusiwi kupita robo, yaani tani 155,000. Mwaka 2024 kanuni hiyo iliisha muda wake bila wanachama kukubaliana kuiongeza. Msimu uliofuata, 2025, meli zilifikia tani zote 620,000 kwa mara ya kwanza, na uvuvi ukafungwa mapema mwezi Agosti.

Kwamba jambo hili linawezekana, hatuhitaji kwenda mbali kuliona. Machi 2025, Mahakama Kuu ya Pretoria iliidhinisha makubaliano yanayozuia kwa miaka 10 uvuvi wa sadini na anchovi kuzunguka makoloni sita ya pengwini wa Afrika, ndege ambaye miezi michache nyuma alikuwa ametangazwa kuwa hatarini kabisa kutoweka. Ilichukua kesi kufika hapo, na ubishi mkubwa ulikuwa juu ya mistari ya ramani: zuio lianzie wapi na liishie wapi ili liguse mahali ndege anakula kweli, badala ya kuchora duara zuri mahali ambapo hata meli hazikuwa na haja napo. Ni ubishi wa maana, na data ya kuumaliza ilitoka kwenye vifaa vilevile vya mgongoni vinavyotumika Antaktika.

CCAMLR hukutana Hobart kila Oktoba. Hifadhi kubwa za bahari zinazopendekezwa kwa Rasi, Weddell na Antaktika Mashariki zimekwama miaka mingi kwa pingamizi za Urusi na China, na sioni dalili kwamba zitapita karibuni. Mgawanyo wa kikomo kwa maeneo ni jambo dogo kuliko hifadhi. Ulikuwepo kwa miaka, meli ziliuheshimu na bado ziliendelea kuvua, na kuurudisha, pamoja na kufunga maji ya karibu na makoloni kuanzia Desemba hadi Februari wakati makinda wako viotani, hakungoji utafiti mwingine.